Kilima Kinatazamwa na Nani?

Kuna neno moja ambalo likitajwa mbele ya wakubwa wa mipango huwaletea kicheko cha pembeni. Neno lenyewe ni mandhari. Taja maji, watakusikiliza. Taja vumbi, watakutolea takwimu. Taja nyufa zinazoletwa na baruti kwenye kuta za nyumba, watakuitia mhandisi. Lakini hebu inuka kwenye mkutano wa hadhara useme kwamba timbo la mawe linalopendekezwa litaharibu sura ya kilima ulichokulia chini yake. Utaona watu wanatazamana. Mandhari? Kwani wewe kijana ni mtalii?

Makala haya yanamjibu mwenye kicheko hicho. Yanawajibu pia wenzangu wa kalamu, maana katika jambo hili sisi tumelala usingizi wa pono.

Kabla ya yote tuelewane. Mawe yanahitajika, na asije mtu akanishikia bango kwamba napinga maendeleo. Nusu ya Nairobi imesimama juu ya mawe yaliyokatwa Ndarugo na kokoto zilizotoka Mlolongo. Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu, Mji Mkongwe wa Unguja, yote ni miji ya mawe ya matumbawe. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ni matumbawe vilevile. Pale Manda, ng'ambo ya Lamu, kuna mahali panapoitwa Maweni, na jina limeshakwambia kazi inayofanyika pale. Kwa hiyo sipigani na nyundo wala patasi. Mama anayevunja kokoto juani Kunduchi, akingojea lori lisimame, hana kesi na mimi. Kesi yangu ni na karatasi.

Karatasi ninayoisema ni ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, hasa zile kurasa chache zinazohusu mandhari. Pale ndipo kilima huuawa kabla baruti haijafika. Na huuawa kwa maneno, yaani kwa silaha ambayo sisi tunajigamba kwamba ni yetu.

Yule anayecheka neno mandhari hajui kwamba anaicheka sheria. Kenya ilipopitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira mwaka 1999, ilitoa orodha ya miradi isiyoruhusiwa kuanza bila tathmini. Uchimbaji wa mawe, kokoto na mchanga ulikuwemo. Lakini juu kabisa ya orodha hiyo, kabla ya viwanda na mabwawa, paliandikwa shughuli yoyote isiyofanana na mahali inapowekwa. Soma tena, mwenzangu. Isiyofanana na mahali! Hilo ni jambo la macho kabla ya kuwa jambo la kemia. Kanuni za mwaka 2003 zikafafanua mambo ya kuangaliwa, na mandhari yakapewa kichwa chake chenyewe: je, mradi unafungua mwonekano au unauziba? Je, unaondoa umbo la nchi na mimea yake? Je, unaendana na ujirani? Je, unawapa au unawanyima watu mahali pa kupumzikia? Tanzania nayo ikatunga sheria yake ya mazingira mwaka 2004 na kanuni za tathmini mwaka 2005. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 42, ikampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 69 ikaitaka Serikali ihimize umma kushiriki katika kuyasimamia.

Basi sheria ipo. Tatizo ni jinsi kichwa hicho cha mandhari kinavyojazwa.

Kwa wale ambao hawajapata kuiona kazi hii, hufanywa hivi. Kwanza kompyuta hupewa ramani ya miinuko, nayo ikapiga hesabu: kilima kikikatwa kiasi hiki, jeraha litaonekana kutoka wapi na wapi. Pili, mtaalamu huchagua vituo vya kutazamia. Tatu, husimama kwenye kila kituo na kamera, akapiga picha, kisha akalichora timbo juu ya picha ile. Hapo unapata picha mbili, ya kabla na ya baada. Nne, hujiuliza maswali mawili kwa kila kituo: anayetazama kutoka hapa ni mtu wa namna gani, anaguswa upesi au haguswi? Na badiliko atakaloliona ni kubwa kiasi gani? Majibu hayo mawili yakikutanishwa kwenye jedwali hutoka neno moja: ndogo, wastani, kubwa. Mwisho huandikwa dawa: panda miti pembezoni, inua tuta la udongo, kata kilima kwa nyuma na uuache uso wake wa mbele.

Siudharau utaratibu huo. Ni bora kuliko kukisia, na ni bora mara mia kuliko mambo ya kumalizana chini ya meza. Mwongozo unaofuatwa sana duniani ulitolewa na wataalamu wa Uingereza mwaka 1995, ukarekebishwa 2002 na tena 2013, na ndani yake mna busara nyingi. Lakini wahenga walisema mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mtaalamu wa tathmini hulipwa na mwenye mradi. Hata akiwa mtu mwadilifu, na wapo, kuna mahali pengi ambapo ngozi inaweza kuvutwa kidogo tu bila mtu kugundua. Nitavitaja vinne.

La kwanza ni pa kusimama. Anayechagua kituo amekwisha kuchagua jibu. Kituo rahisi ni barabarani, maana ndiko gari linakofika. Ukisimama barabarani, kilima kiko mbali, kuna mikaratusi katikati, na picha ya baada haitofautiani sana na ya kabla. Athari ndogo. Lakini nyuma ya kilima kuna vijiji ambavyo gari halifiki, na mlangoni mwa nyumba za huko kilima hakiko mbali. Kinajaza mlango mzima. Nani amekwenda kusimama kule? Nani aliyemuuliza bibi mwenye nyumba: mama, wewe unakitazama kilima hiki ukiwa wapi?

La pili linaniuma kuliko yote. Katika jedwali lile la watazamaji, mgeni aliyekuja kutembea na kutazama nchi huhesabiwa kuwa mwepesi wa kuguswa. Mtu aliyeko kazini huwekwa chini, kwa hoja kwamba akili yake iko kwenye kazi, haiko kwenye mandhari. Ukifikiria karani wa ofisini, hoja inaingia akilini. Sasa ilete hapa kwetu. Mkulima yuko shambani tangu alfajiri hadi jua linapopoa, uso wake umekielekea kilima miaka arobaini. Kwenye jedwali huyu yuko kazini, haguswi sana. Mtalii anayepita siku mbili na miwani yake ya jua, huyo ndiye anayeguswa! Kweli mwongozo wenyewe unataka mkazi anayetazama kutoka nyumbani kwake apewe uzito wa juu. Lakini mwongozo ulifikiria nyumba yenye dirisha kubwa la sebuleni. Kwetu sebule ni uwanja, ni kivuli cha mwembe, ni tuta la muhogo. Mtu huyo huyo ni mkazi na ni mfanyakazi, saa hiyo hiyo, mahali hapo hapo. Utamweka safu gani?

La tatu ni picha yenyewe. Picha imesimama. Haina mlipuko wa mchana unaowarusha kuku, haina vumbi linalokaa juu ya majani mpaka migomba inageuka rangi, haina taa za mtambo wa kusagia kokoto zinazoua usiku, haina foleni ya malori. Na picha haina miaka. Utasoma kwamba athari itakuwa ya muda. Muda gani? Timbo likipangiwa miaka thelathini, mtoto anayezaliwa leo atakuwa mzazi kabla halijafungwa. Hiyo siyo ya muda, hiyo ni utoto wake wote na ujana wake wote.

La nne ni thamani. Kilima kikiwa ndani ya mbuga au kwenye kalenda ya hoteli, thamani yake iko juu. Kikiwa kilima cha hivi hivi, chenye vichaka na mbuzi, huandikwa kuwa mandhari ya kawaida. Ya kawaida kwa nani? Kit Mikayi, karibu na Kisumu, jina lake kwa Kiluo ni jiwe la mke mkubwa. Kule Ilesi, Kakamega, kuna jiwe linalolia, maji yakilitiririkia kama machozi. Hayo yamebahatika kujulikana. Lakini kila tarafa ina jiwe lake na kilima chake chenye hadithi, ambacho kwenye ramani ya mtaalamu ni mistari ya miinuko tu. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kabla ya mwaka huo haikuwa ya kawaida. Wenyewe walijua tangu zamani ni nini. Waliochelewa ni wenye orodha.

Sasa nije kwenye kiini. Kosa la mwenye kicheko ni kudhani kwamba mandhari ni pambo, kama pazia au picha ya ukutani: likiwepo vizuri, likitoka hatufi. Huo ni mtazamo wa mtu anayekaa mbali. Kwa mtu wa kijijini kilima ni chombo cha kazi. Wingu likikaa kileleni kwa namna fulani, anajua mvua ni ya leo au ya kesho. Jua likichomoza kushoto kwa bega la kilima au kulia kwake, anajua msimu uko wapi. Mpaka wa shamba la babu unaelezwa kwa kilima: kutoka kwenye mkuyu, ukielekea kile kichuguu, ukiacha kilima mkono wa kulia. Mtoto anayechunga akipotelewa na njia hukitafuta kilima. Makaburi yamelala kwa kukielekea. Kilima ni saa, ni kalenda, ni dira, ni hati ya ardhi. Ukikiondoa umemnyang'anya mtu vyombo vyake vya kazi, halafu unamwandika kwamba haguswi kwa sababu yuko kazini.

Na anayeona haya ni mambo ya kimaskini, akumbuke kwamba Jomo Kenyatta, alipochapisha kitabu chake kuhusu Wagikuyu mwaka 1938, alikipa jina Facing Mount Kenya. Miaka mingi kabla ya kuwa rais alichagua kituo cha kutazamia, akakiweka kwenye jalada. Hakuna aliyemuuliza kama ni mtalii.

Kuna watakaosema haya yote ni ndoto, kwamba tangu lini mlima ukashinda kampuni? Basi wasikilize habari za Harris. Hiki ni kisiwa cha kaskazini-magharibi mwa Uskoti, nchi ya miamba, upepo na kondoo. Mwaka 1991 kampuni ya Redland iliomba kuchimba mlima Roineabhal, pale Lingerbay. Halikuwa timbo la mchezo. Walitaka kutoa tani kama milioni 600 katika muda wa miaka 60, mawe yasafirishwe kwa meli yakajenge barabara za mbali. Mlima ulikuwa ndani ya eneo lililotajwa rasmi kuwa na mandhari ya thamani ya kitaifa. Kazi zilikuwa chache, vijana walikuwa wakihama, na mwaka 1993 wakazi wengi walipoulizwa waliunga mkono. Ndivyo inavyokuwa. Mwenye njaa halaumiwi kwa kuitamani kazi.

Kisha uchunguzi wa hadhara ukafunguliwa Oktoba 1994, ukaendelea hadi katikati ya 1995. Watu walikaa, wakasikiliza, wakaziona zile picha za kabla na baada, wakapima kazi zinazoahidiwa na kitakachoondoka. Mbele ya mchunguzi hawakuitwa wahandisi peke yao. Alikuja mwandishi, Alastair McIntosh. Akaja mwanateolojia wa Kikristo, Donald Macleod. Akaja na mzee wa Kimikmaki kutoka Kanada, Sulian Stone Eagle Herney, akaeleza mlima ni nini kwa watu wake. Wakazi walipopiga kura tena mwaka 1995, wengi waligeuka wakapinga. Nasema kweli yote: mchunguzi mwenyewe, ripoti yake ilipotoka mwaka 1999, alipendekeza mradi ukubaliwe. Lakini mwezi wa Novemba 2000 waziri wa mazingira wa Uskoti, Sam Galbraith, aliukataa, na uharibifu wa mandhari ulikuwa miongoni mwa sababu nzito. Mwaka 2004 kampuni ya Lafarge, iliyokuwa imekwisha kuinunua Redland, ikaachana na jambo lile. Roineabhal upo mpaka leo.

Lafarge ndiyo iliyokuwa na hisa nyingi katika kiwanda cha saruji cha Bamburi wakati huo. Dunia ni duara, bwana. Na kila ukilalamikia timbo hapa kwetu, hilo jina la Bamburi ndilo utakalojibiwa. Utaambiwa: mbona Bamburi walichimba, kisha wakapanda miti, leo ni bustani? Ni kweli, na aliyefanya kazi ile anastahili heshima yake. René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti kwenye mashimo makavu ya chokaa. Kati ya aina 26 alizozijaribu, zilizostahimili zilikuwa tatu tu, na mvinje ukiwemo. Majani ya mvinje hayakuoza mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Kidogo kidogo msitu ukasimama, wanyama wakaja, na tangu 1999 mahali pale panaitwa Haller Park. Nendeni mkapaone, mjifunze.

Lakini mfano ule unathibitisha nini hasa? Kwanza, kiwanda kilianza 1954. Miti ilianza 1971. Hesabu mwenyewe. Pili, kazi ile iliendeshwa na mtu aliyeipania kwa miongo mingi, wala haikumalizwa na sentensi moja ya ripoti inayosema eneo litarejeshwa katika hali yake. Tatu, na hili ndilo kubwa, Bamburi palikuwa tambarare. Ukichimba tambarare unapata shimo, na shimo unaweza kuligeuza ziwa, ukafuga samaki na viboko. Ukichimba kilima, unapata pale ambapo palikuwa na kilima. Hakuna jongoo atakayekirudisha. Anayetumia Bamburi kukutuliza kuhusu kilima anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Najua swali linalokuja. Na ajira je? Vijana wa kule wafe njaa ili nyinyi wa mjini mkienda ushago Krismasi mkute kilima kizuri? Swali ni halali, nami nalijibu bila kuzunguka. Kwanza, kama mandhari yangekuwa starehe ya wa mjini tu, ningenyamaza. Nimekwisha kueleza ni ya nani. Pili, kupima vizuri siyo kukataa. Tathmini ya haki inaweza kusema: hapa hapana, lakini pale bondeni panafaa. Inaweza kusema: chimba, ila usivuke mstari huu, uache kichwa cha kilima, kata kutoka upande usiotazamana na kijiji. Mawe ni mengi nchini. Kilima cha kijiji ni kimoja. Tatu, wanaokuja na hoja ya ajira waulizwe ajira ngapi, za nani, kwa miaka mingapi, na ziandikwe kwenye masharti ya leseni. Mara nyingi anayelia kuhusu ajira kwenye mkutano huwa hapendi kuziandika.

Sasa ninyi, wenzangu. Haya mnayapata vipi?

Tumejiita waandishi. Tunakutana, tunasomeana, tunabishana kuhusu shairi huru na shairi la arudhi kana kwamba nchi itaanguka. Lakini hebu niambieni, ni lini mara ya mwisho mmoja wetu alikiandika kilima kama kilivyo? Tuna njia mbili tu za kuiandika nchi. Ya kwanza ni ya insha ya shule: milima na mabonde, ndege wakiimba nyimbo tamu, mito ikitiririka maji maangavu. Ya pili ni ya kadi ya posta: machweo, minazi, mashua. Zote mbili zinasema jambo moja, kwamba nchi ni nzuri. Basi akija mtaalamu akaandika kwamba nchi hii ni ya kawaida, hatuna cha kumjibu, maana sisi wenyewe tumeisifu nchi yote kwa maneno yale yale. Kilima kinachoelezwa kwa sentensi inayoweza kuelezea kilima chochote hakina utetezi. Kimekwisha kuwa kokoto.

Ndiyo maana nasema sehemu ya mandhari katika ripoti ni fasihi, ila fasihi mbovu. Ina msimulizi, naye hajitaji jina. Ina mahali pa kusimama, napo hapaelezwi palichaguliwaje. Ina wahusika, nao wamewekwa kwenye jedwali. Ina mwisho ulioamuliwa kabla hadithi haijaanza. Sisi tunaokaa usiku kucha kujadili nani anasimulia na anasimulia akiwa wapi, ndio tuliofundishwa kuisoma karatasi ile. Mhandisi ataona namba. Wakili ataona vifungu. Ni nani atakayeona kwamba picha zote sita zimepigwa kutoka upande mmoja, kama siyo mtu aliyezoea kuuliza sauti hii inatoka wapi?

Na mlango upo wazi. Kanuni za Kenya za 2003 zilimtaka mwenye mradi abandike matangazo karibu na eneo, atangaze kwenye gazeti la nchi nzima wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na aitishe mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, wakatoa maoni kwa mdomo au kwa maandishi. Kwa maandishi! Tunaomba kila siku wahariri watuchapishe, na hapa kuna sheria inayomlazimu mtu ayapokee maandishi yetu.

Fanyeni hivi. Ukisikia timbo linapendekezwa kwenu, iombe ripoti uisome yote, siyo muhtasari. Tafuta orodha ya vituo vya kutazamia, ukasimame kwenye kila kimoja kwa miguu yako. Kisha nenda kule ambako hakukuwekwa kituo: kisimani, makaburini, kwenye kiwanja cha shule, kwenye shamba la bibi. Uliza kilima kinaitwaje, na kila jiwe lake linaitwaje, na nani aliyelipa jina. Uliza wanakitazamia nini. Andika majibu kama yalivyosemwa, bila ndege wa kuimba. Weka tarehe, weka saa, weka mahali uliposimama. Peleka nakala moja kwa mamlaka ya mazingira na nyingine kwa chifu au mwenyekiti wa kijiji, na siku ya mkutano simama uisome kwa sauti. Ukiwa unaijua lugha ya pale, isome kwa lugha ya pale.

Mtashindwa mara nyingine. Wenye baruti wana fedha, na mihuri hupatikana. Lakini kuna tofauti kati ya kilima kilichoondoka baada ya watu kusema kilikuwa nini, na kilima kilichoondoka kikiwa kimeandikwa mandhari ya kawaida, athari ndogo, watazamaji wachache. Cha kwanza kimechukuliwa, na aliyekichukua anajulikana. Cha pili, kwa mujibu wa karatasi, hakikuwahi kuwepo.

Mvua za vuli zikianza, wengi wetu tutapanda matatu na mabasi kwenda nyumbani kusalimia. Chukueni daftari.